Vyungu vya Fumba: Siti binti Saad kabla ya Mjini

Wageni wengi wakifika Shangani, swali lao la kwanza ni nyumba ya Freddie Mercury iko wapi. Kazi yangu ni kutembeza watalii, basi nawapeleka. Tunasimama mbele ya makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2019, wanapiga picha mlangoni, nami nawapa habari zake kwa kifupi: jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu, na ukoo wao ni wa Waparsi wenye asili ya Gujarat. Halafu nawatibulia kidogo. Nawaambia kwamba mapenzi ya jukwaa kijana yule hakuyaokota hapa. Alikuwa na miaka minane tu alipopelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na ni huko alikofundishwa piano, akapanda jukwaani, akaunda na wenziwe bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Sifa ya kumlea mtumbuizaji ni ya Panchgani. Sisi tulichotoa ni mkunga.

Lakini siku hizo Farrokh anatambaa, ng'ambo ya Darajani alikuwapo bibi mmoja aliyekwisha kuimba mbele ya Sultani, aliyekwisha kwenda Bombay na kurudi, na ambaye sauti yake ilikuwa ikizunguka kwenye santuri za mikahawa pwani nzima. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kwa miaka karibu minne mtoto yule na bibi yule walikuwa watu wa mji mmoja. Wageni wanaoniuliza habari za Siti ni wachache, na karibu wote huwa wamesoma mahali kisa kile kile: mwaka 1911 mwanamke wa shamba alihamia mjini, mwanamuziki mmoja akamsikia, akamfundisha, akawa nyota.

Si uongo. Ila kisa hicho kinaanzia katikati. Mwaka 1911 Siti alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Mtu hawi mtumbuizaji katika umri huo kwa sababu tu kuna aliyemsikia. Wakati huo alikuwa ameshatumbuiza tangu utotoni, kila siku ya soko, mbele ya hadhira ambayo haikuwa imemwalika na iliyokuwa na haki ya kumfukuza mlangoni. Alikuwa akiuza vyungu.

Alizaliwa Fumba mwaka 1880, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi na ya mama yake Uzigua, wote wawili watu waliozaliwa Unguja, wakilima na kufinyanga. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Siti ni jina alilolipata baadaye, mjini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka mwaka 1897. Maana yake ni kwamba binti huyu alifika umri wa kuolewa katika nchi ambayo mtu bado aliweza kuwa mali ya mtu. Chuoni hakupelekwa, na skuli ndiyo kabisa. Alichorithi ni ufinyanzi, na ufinyanzi ndio ninaotaka kukaa nao kidogo, kwa sababu wasimuliaji huupita mbio kana kwamba ni umaskini tu wa mwanzo wa hadithi.

Bibi yangu mzaa mama alifinyanga Bweleo, jirani na Fumba, mpaka mikono ilipomkatalia. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, huchambuliwa mizizi na vijiwe, huloweshwa, kisha hukandwa kwa miguu pamoja na mchanga kidogo ili chombo kisije kikapasuka kwenye moto. Gurudumu hakuna. Mfinyanzi hupandisha ukuta wa chungu kwa mikono, anaparaza kwa kipande cha kifuu au kombe la pwani, analainisha kwa kijiwe kilichong'aa kwa kushikwa. Chombo huanikwa kivulini, si juani. Siku ya kuchoma, vyombo hupangwa chini, uwanjani, hufunikwa kwa makumbi ya nazi, makuti makavu na kuni, kisha huwashwa moto. Hapo wote mnanyamaza. Chungu kilichobaki na unyevu ndani ya ukuta hulipuka, na mfinyanzi hukijua kwa mlio wake hata kabla ya majivu kupoa: kile kilikuwa kikaango, kile kilikuwa mtungi wa maji, hasara hiyo.

Kazi ya mtoto ilianza moto ukishazimika. Unachukua chombo kimoja kimoja, unakishika kwa vidole vya mkono mmoja chini ya mdomo wake, unakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia na mlio wake huvuta. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hutoa sauti fupi, butu, kama mtu anayejibu huku anatafuna. Bibi alikuwa anakaa mbali, amegeuza mgongo, mimi nagonga, yeye anasema kiende upande gani. Hakuwa anatazama. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza, nikigonga kwa pupa, naye ananiambia nirudie.

Siti alikulia katika kazi hiyo, na mimi siamini kwamba haikumfunza kitu. Mtoto wa mfinyanzi anasomeshwa sikio kabla ya ulimi. Tena anajua mapema kwamba sauti ni pesa, kwa sababu mnunuzi naye atakigonga chungu kabla hajafungua pindo la kanga kutoa hela.

Kisha kuna njia. Kutoka Fumba unapita Bweleo, Dimani, Kombeni, unapita mahali ambapo leo ndege hutua Kisauni, ndipo unaingia mjini. Ni karibu kilomita ishirini, na wakati wa utoto wake hapakuwa na lami wala gari. Vyungu vilipangwa ndani ya tenga, katikati ya majani makavu visigongane, tenga likawekwa juu ya ngata kichwani. Watu wa leo wanaona picha ya mwanamke mwenye mzigo kichwani wakasifu mwendo wake. Wasichokiona ni pumzi. Mtu aliyebeba vyungu kichwani hawezi kuinamisha shingo. Hawezi pia kuita kwa kukaza koo, maana koo likikaza, shingo inakakamaa, na mzigo unatikisika. Akitaka kutoa sauti, lazima aitoe chini, tumboni, kifua kimefunguka na kichwa kimetulia. Leo kuna vijana wanaolipa ada kufundishwa hivyo. Binti wa Fumba alifundishwa na tenga: ukikosea, kazi ya wiki mbili iko chini vigae.

Inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba njiani na mitaani kunadi vyungu vyake, na kwamba sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata. Watu walijua Mtumwa amefika kabla hawajamwona. Kuna wanaoitia chumvi hadithi hii mpaka sauti inavuka maili. Mimi sihitaji hizo maili. Nikimwangalia mchuuzi wa Unguja kwa makini, naona tayari nusu ya sanaa ya taarab ndani ya wito wake.

Wito una viungo vyake. Kwanza inakuja irabu ndefu, ambayo haina maana yoyote ila kugeuza vichwa; inapanda, inakaa juu, haina haraka. Pili yanakuja majina ya bidhaa, kwa mkato, na mpangilio wake si wa kubahatisha. Muuza vyungu mwerevu hataanza na chetezo cha ubani, kwa sababu nyumba inaweza kukaa na chetezo kimoja miaka kumi. Ataanza na kile kinachovunjika kila mwezi: chungu cha wali, kikaango, kibia cha kufunikia, mtungi. Chetezo na waya wa kuchomea mikate vitakuja mwisho, kama mtu aliyekumbuka ghafla. Bei haitajwi. Halafu inakuja sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Mchuuzi mchanga anaogopa kimya, ananadi mfululizo kama mvua ya masika, na watu wanamzoea hawamsikii tena. Aliyekomaa ananadi, ananyamaza, anasikiliza. Kuna komeo limeguswa? Kuna mtoto ameambiwa kakimbie kamwite? Anaupima ule ukimya mpaka karibu uvunjike, ndipo anarudi na irabu yake, safari hii chini kidogo.

Nayasema haya nikiwa mtu aliyefeli kazi hiyo. Udogoni niliuza karanga na kashata nje ya sinema ya Majestic, pale Vuga, baada ya chuo. Tulikuwa kundi la wavulana, karanga zetu zimekaangwa jiko moja, zimefungwa karatasi za namna moja. Mmoja wetu alikuwa akimaliza sinia lake kabla taa za ndani hazijazimwa. Alikuwa anaigiza jambazi wa filamu ya Kihindi iliyokuwa ikionyeshwa wiki hiyo: mwendo, nyusi, mkono ndani ya koti asilokuwa nalo, kisha anachomoa pakiti ya karanga badala ya bastola. Filamu ikibadilika, na yeye anabadilika. Sisi wengine tulikuwa tunauza karanga. Yeye alikuwa anauza tamasha, karanga ni nyongeza. Nilipoanza kusoma habari za Siti ukubwani ndipo nilipomwelewa yule mvulana.

Mji alioingia Siti na tenga lake ulikuwa na jambo moja zaidi lililofanya sauti iwe kila kitu. Wanawake wa nyumba za wenye nacho hawakutoka ovyo mchana. Walikaa ndani, nyuma ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nyuma ya mlango mzito wenye njumu, baraza, ukumbi, kisha uani kwenye majiko. Ndio waliokuwa wateja wa vyungu. Vyungu hawakuviona, vilikuwa nje kichochoroni. Walichokuwa nacho ni sauti tu, iliyoruka ukuta au kupenya dirishani. Kwa hiyo mwanamke aliyekaa uani, mkono kwenye unga, ndiye aliyeamua kama sauti hii inastahili kuitiwa mtoto. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani aliyeutunga msemo huo hakuwahi kuuza chungu. Chungu kizuri cha Fumba kilibaki Fumba mpaka apatikane mtu wa kukitembeza.

Na mlango ukishafunguliwa, mchuuzi mwanamume aliishia barazani. Mwanamke aliingia ndani. Aliketi uani, akapewa maji, chombo kikagongwa, kikaulizwa bei, kikasutwa, na katikati ya mazungumzo ya bei yakapita mazungumzo mengine: nani ameongezewa mke, nani hajaleta posho, kesi ya nani imeamuliwa vipi. Naamini kwamba maktaba ya nyimbo za Siti ilianza kujazwa hapo. Hii ni hoja yangu mwenyewe na naibeba mwenyewe, lakini anayezijua nyimbo zake zilivyojaa mambo ya ndani ya nyumba na mambo ya mahakamani aniambie mwimbaji wa hadhi ya juu, aliyelelewa nyuma ya pazia, angeyapata wapi.

Sasa tuje mwaka 1911, maana hatuwezi kuukwepa.

Taarab wakati huo ilikuwa mali ya watu wengine. Ililetwa na Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mpenda anasa za Misri. Alimtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo akajifunze kupiga ganuni, naye aliporudi akawafunza wengine. Iliimbwa kwa Kiarabu, kasrini, na wanaume. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao cha muziki, Ikhwani Safaa, kilichopo mpaka leo, na hata humo hapakuwa na nafasi ya mwanamke, sembuse mwanamke asiyejua kusoma, mtoto wa shamba. Siti alihamia mjini mwaka huo wa 1911, ndoa yake ikiwa imevunjika. Mwanachama mmoja wa Ikhwani Safaa, Muhsin Ali, akamsikia, akachukua jukumu la kumfundisha.

Simpunguzii Muhsin Ali haki yake. Alimfunza nyimbo za Kiarabu, alimfunza kuimba pamoja na ala badala ya kuimba peke yake njiani, alimsaidia kujifunza Kurani, na kwa Mswahili wa wakati huo kusoma Kurani ndiyo ilikuwa hati ya kukubalika katika mabaraza. Muhimu zaidi, alimpeleka kwa watu. Lakini yapo mambo hakumfunza kwa sababu hayakuwapo kwenye chama chake. Vijana wa Ikhwani Safaa walikuwa wanaimbia waalikwa: watu waliooga, waliojifukiza udi, waliokuja kwa kadi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuimbia ukuta akingoja komeo liguswe.

Tofauti ilionekana haraka. Siti aliimba taarab kwa Kiswahili. Wakajikusanya kikundi, yeye pamoja na wanaume, wakiwamo Subeti bin Ambar, Mbaruku na Maalim Shaaban, na makao yao yakawa Ng'ambo, mtaa wa watu waliokuwa watumwa na watoto wao, wavuvi, hamali, mafundi, wafanyakazi wa karafuu. Mwaka ule ule wa 1911 alitawazwa Seyyid Khalifa bin Haroub, na haukupita muda mrefu sana Siti akawa anaitwa kuimba kasrini. Asubuhi wapishi na madobi wanaziimba nyimbo zake, usiku anaimbia mabwana zao. Mchuuzi hana mlango mmoja.

Jukwaani, taarab ya zamani haina mbio. Mwimbaji anakaa, au anasimama mahali pamoja. Hana kuruka wala kujinyonganyonga. Kwa mtu aliyezoea matamasha ya siku hizi hiyo inaonekana kama ukosefu wa mbwembwe. Lakini tazama kinachobaki ukishamfunga mtu miguu: uso, leso mkononi, na wakati. Mwimbaji anatoa mshororo, anauacha unaning'inia, anangoja wasikilizaji waupokee, mmoja anainuka taratibu na noti mkononi kuja kumtunza, anacheza hadi mbele, mwimbaji anampokea kwa jicho, kisha anaurudia ule ule mshororo, sasa ukiwa na maana nyingine kwa sababu kila mtu ameona nani ameutunza na nani amebaki amekaa. Ni wito, kimya, mlango unafunguka, hela inatoka. Nikiwa kwenye taarab huwa nawaangalia waimbaji kwa jambo hilo moja, la namna wanavyongoja, na wengi wa vijana wetu hawajui kungoja.

Alipopata jina, alipata na maadui. Washindani wake walimtungia wimbo wa kumsuta kwamba alikuja mjini akiwa amejifunga kaniki, na kwamba isingekuwa sauti asingekuwa na cha kula. Kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei ya chini, ndiyo iliyokuwa nguo ya watumwa na ya wanawake wa kazi. Baada ya 1897 wanawake wengi wa Ng'ambo waliikimbia, wakahamia kwenye kanga za rangi na mabuibui, kila mmoja akitaka kusahaulike alikotoka. Kwa hiyo lilikuwa tusi lililopigwa mahali panapouma. Naye akajibu kwa wimbo: sura na ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Jibu lake limedumu kuliko waliomtukana.

Mimi lakini hupenda kulisikia lile tusi upya, kwa sababu ndani yake mna ukweli ambao watukanaji hawakuukusudia. Ni kweli kabisa, sauti ndiyo iliyomlisha. Ilimlisha Fumba, kabla ya hao washindani kumjua. Na mtu aliyekulia kwenye kupatana bei uani, ambako kila chombo chako kinakashifiwa ili kishuke senti, hatetemeshwi na shairi la kumkashifu. Amezoea. Anajua kashfa ni mwanzo wa mazungumzo, na asiyenunua hasumbuki hata kukashifu.

Katika nyimbo zake ule unaoitwa Kijiti ndio unaotajwa zaidi, nao ulitokana na kesi ya kweli. Mwanamume aliyejulikana kwa jina hilo alimuua mwanamke mja mzito aliyekuwa amekuja Unguja kutembea, akatorokea bara. Serikali ikawafunga wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, muuaji akawa huru. Mahakama ilikuwa ya Waingereza, magazeti hayakuwa ya watu wa Ng'ambo, na wengi wao hawakujua kusoma. Wimbo ulizunguka vichochoroni ukasema nani kaonewa. Hapo ule uchuuzi wa habari niliousema umepanda daraja, umekuwa kitu cha kumtia hakimu aibu.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV iliwachukua Siti na wenzake kwenda Bombay kurekodi. Santuri ya wakati ule ilichukua dakika tatu hivi kila upande. Fikiria mwimbaji ambaye wimbo wake hurefuka kwa kadiri watu wanavyoinuka kutunza, leo amewekwa chumbani na mafundi wasiojua neno la Kiswahili, hakuna wa kutunza, na mtu amesimama na saa. Wengi wangeimba kama wanaosoma barua. Siti aliweza, na sijashangaa. Kuimba bila kumwona msikilizaji ndiyo kazi aliyoanza nayo. Chombo cha kurekodia kilikuwa ukuta mwingine tu. Santuri zilipofika pwani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, kampuni nyingine zikaingia mbio, na mikahawa ikawa inazipigia wateja wasio na gramafoni nyumbani. Binti aliyebeba sauti yake na vyungu vyake kwa miguu alikuwa sasa ananunuliwa akiwa ndani ya tenga la mwenye duka, naye kakaa kwake Ng'ambo.

Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ulichapishwa mwaka 1958. Nausifu, na kila kijana anayeanza kazi hii ya kutembeza wageni namwambia ausome. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Lakini urithi wenyewe, ule wa pumzi na wa kungoja, haukupita kwenye vitabu. Ulimpitia msichana mwingine wa shamba, Fatuma binti Baraka wa Mfagimaringo, ambaye dunia ilimjua kama Bi Kidude. Baba yake alikuwa muuza nazi. Hakufundishwa na chama chochote. Nyimbo za Siti alizishika kwa kusikiliza akiwa mtoto, akazichanganya na ngoma za unyago, na katika maisha yake akawa anauza wanja na kupaka watu hina. Uzeeni akazunguka Ulaya na Asia, mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, na mpaka karibu na kifo chake tarehe 17 Aprili 2013 alikuwa anaweza kuijaza Ngome Kongwe kwa koo lile lililokwaruzwa na sigara. Nilimwona huko si mara moja. Alikuwa anasimama mbele ya kipaza sauti bila kufungua mdomo, anawatazama watu, anawatazama tena, mpaka wazungu wa mstari wa mbele wanaanza kuwa na wasiwasi kama bibi amesahau wimbo. Hakuwa amesahau kitu.

Fumba ya leo si ile. Nyamanzi kumejengwa maghorofa ya kuuzwa, barabara ni lami, na wafinyanzi waliobaki wanauzia hoteli vyombo vya kupandia maua. Mjini sufuria zimekifukuza chungu jikoni, ila kwenye nyumba zinazokataa kupika mchuzi wa samaki kwenye kitu kingine. Wachuuzi hatujawakosa, lakini siku hizi wengi hawanadi wenyewe. Mtu anarekodi wito wake mara moja, anauweka kwenye spika, anaifunga spika kwenye baiskeli, halafu anasukuma akiwa na simu sikioni. Wito hauna tena kile kimya. Unarudi ulipoanzia, unaanza upya, unapita mlango ulio wazi kwa namna ile ile unavyopita mlango uliofungwa.

Muuza dagaa wa mtaa wetu ana spika kama hiyo, na watoto wameshaukariri wito wake wote. Yupo msichana mmoja, bado hajamaliza msingi, anayeuiga pamoja na mkwaruzo, na pale betri inapochoka sauti ikazama, na yeye anazama nayo. Mwezi uliopita alisimama kibarazani kwao adhuhuri, muuza dagaa mwenyewe hajafika, akaunadi mzima. Kisha, jambo ambalo spika haifanyi, akanyamaza akatega sikio. Wanawake wawili wakatoka na mabakuli yao. Walipomwona ni yeye walimfokea kama ilivyo wajibu wa watu wazima, naye akawa anacheka mpaka amekaa chini. Mmoja aligeuka kurudi ndani. Yule mwingine akaweka bakuli ubavuni, akamwambia: hebu lete tena, pale kwenye betri.